Sanduku Juu ya Meza ya Majani

Rodah Chepkemboi alikuwa na mkono mrefu, na katika kituo cha kununulia majani chai nje kidogo ya Litein, mkono huo uliogopwa kuliko mzani. Mkulima akilitua kapu lake kwenye meza ya mbao na kufuta jasho, Rodah hakujisumbua na majani ya juu. Ya juu huwa mazuri siku zote. Kila mtu anajua kupanga ya juu. Yeye alikunja sweta hadi begani, akauzamisha mkono mpaka chini kabisa, akatoa ngumi ya majani na kuifungua mbele ya watu. Yakiwa majani mawili na ncha changa, kapu lilipita. Likionekana jani gumu, kijiti, au majani yaliyopata moto kwa kushindiliwa, mwenye kapu alilimwaga lote na kuchambua upya huku wenzake wakimcheka.

"Mama Kipkirui, hata sadaka ya kanisa ukipewa ubebe, utachimba chini," Dorcus, makamu wake katika kamati ya kituo, alimtania Rodah siku moja.

"Nitachimba. Shetani hakai juu."

Kulikuwa na sheria moja tu ambayo haikuandikwa popote: hakuna mtu kukagua kapu lake mwenyewe. Majani ya Rodah yalipofika, yeye aliondoka mezani, akafunga mikono kifuani kama mkulima mwingine yeyote, na Dorcus akachimba. Mara mbili Dorcus alikuta jani gumu. Mara mbili Rodah, mwenyekiti wao, alichambua upya huku akichekwa, na nadhani ndiyo maana walimchagua tena.

Aliyemchunia majani hayo ni Yunia Nyang'au. Yunia alitoka Kisii akiwa msichana, akachuna katika mashamba makubwa ya Kericho hadi mashine zilipoingia huko na watu wakaanza kuambiwa wafungashe. Akaja kwa wakulima wadogo. Kwa Rodah alikaa miaka mingi kiasi kwamba binti yake Valary alianza kutambaa chini ya michai hiyo, na sasa yuko chuo cha ualimu. Mwaka ule uchaguzi ulipoharibika na watu wa kwao wakawa wanafukuzwa, Yunia na watoto walilala katika ghala la mahindi la Rodah. Jambo hilo halikuzungumzwa kati yao. Lilikuwepo tu, kama jiwe la jikoni.

Basi mwaka huu mashine zikaanza kunusa mashamba madogo pia. Kampuni moja ilitaka wakulima wa kituo kile waingie mkataba: mashine zichune, watu wapumzike. Walisema hivyo hivyo, wapumzike, kana kwamba njaa ni likizo. Kamati ilikuwa na watu saba. Watatu walitaka, watatu walikataa. Wa saba alikuwa Rodah, naye alikuwa hajafungua mdomo.

Wakala wa kampuni aliitwa Kipsang, kijana wa Bomet mwenye viatu vilivyong'aa hata siku za matope. Alikuja nyumbani kwa Rodah, akasifu ng'ombe, akasifu chai, kisha akasema kampuni ingependa kumpeleka Malaysia.

"Wiki nzima, mama. Peke yako. Gari lako, dereva wako, ndiye huyo huyo wa kukueleza kila kitu. Ni nchi ya watu wengi mchanganyiko kama sisi, Wamalei, Wachina, Wahindi, na huko milimani wako na chai. Ujionee tu."

"Na masharti?"

"Hakuna masharti."

"Kama hakuna, mbona hukumwalika Dorcus?"

Kipsang alicheka, akamaliza kikombe, akaomba kingine. Rodah alimmiminia, lakini aliona kwamba hakujibiwa.

Alikubali. Ukitaka ukweli, alitaka kwenda. Alikuwa hajavuka mpaka wa nchi maishani mwake, na ndege alizijua kwa mlio. Lakini kulikuwa na sababu ya pili ambayo ilimwasha zaidi. Hapa palikuwa na kapu ambalo majani ya juu yalipangwa vizuri kupita kiasi. Alitaka kuingiza mkono.

Alimwambia Yunia shambani. Yunia alikuwa amelaza fimbo yake nyembamba juu ya michai, akichuna yaliyozidi fimbo na kuacha yaliyo chini, vidole vikienda bila kutazamwa.

"Umeamua kwenda?"

"Kuangalia tu."

"Kuangalia." Yunia alitupa konzi ya majani kapuni mgongoni. "Mwanaume akinipeleka Kisumu wiki nzima kula samaki, nikirudi niseme nilienda kuangalia ziwa, utaniamini?"

"Mama Valary, si unanijua?"

"Nakujua ukiwa hapa. Huko sijui utakuwa nani."

Na kweli, kule uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, Rodah mwenyewe hakuwa na hakika. Alimkuta mwanaume mwembamba, shati limepigwa pasi, ameshika karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa. Alijitambulisha kuwa Saravanan. Kisha, kwa kumfurahisha mgeni, akamfundisha salamu ya Kimalei: apa khabar.

Rodah alisimama. "Nani amekufundisha Kiswahili?"

Saravanan alieleza kuwa ni Kimalei, ni neno tu la Waarabu lililosafiri. Rodah alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, lakini mkoba aliuhamishia bega la pili, mbali naye.

Walielewana kwa Kiingereza, chake cha kidato cha nne na cha yule cha haraka haraka. Kila asubuhi gari lilikuwa mlangoni, limeoshwa. Rodah hakulizoea. Hata wakubwa wa kaunti hawasafiri bila watu watano nyuma. Yeye alikaa peke yake kiti cha nyuma kama bibi harusi asiyemjua bwana harusi. Aliona majengo mawili marefu yaliyoshikana mkono angani. Aliona ngazi za rangi zinazopanda hadi kwenye pango, na nyani wakipora ndizi za waumini. Chakula kilipoletwa, wali umefungwa katika jani la mgomba, alichimba kwa kijiko hadi chini kabla ya kuonja.

"Unatafuta nini?" Saravanan aliuliza.

"Sijui bado."

Kila kituo, Saravanan alitoa simu. Simama hapa, mama. Tabasamu. Tena. Rodah alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Alijiuliza picha zote hizo ni za albamu gani.

Penang, walitembea barabara moja ambayo msikiti, hekalu la Wachina, la Wahindi na kanisa vimepangana karibu karibu kama maduka ya Litein. Saravanan alilieleza hilo kwa fahari, maneno yake yakiwa laini kwa kusemwa mara nyingi. Rodah alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wakati wa uchaguzi, hii barabara inakuwaje?"

Saravanan alitazama nyuma yake kwanza. "Tunapiga kura, tunaenda nyumbani."

"Siku zote?"

"Wakati wa babu yangu kulikuwa na siku watu hawakutoka nje." Alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo haiko kwenye maelezo ya watalii."

Rodah alimtazama upya. Lilikuwa jani la kwanza kutoka chini.

Kisha wakapanda milimani, na moyo wake ukamruka, maana baridi ilikuwa ile ile, ukungu ule ule, na michai imelala juu ya vilima kama blanketi. Kwa dakika chache alisahau kushuku. Msimamizi wa shamba aliwapokea, akawaonyesha mashine: watu wawili wanaishika, mmoja huku mmoja kule, inanguruma juu ya michai na kumeza majani kwenye mfuko. Mtu mmoja alimvika Rodah kofia ya kijani yenye nembo ya kampuni ile ile ya Kipsang. Akaambiwa ashike mpini, ajaribu tu. Akashika. Simu ya Saravanan ikapiga picha.

"Wachunaji wako wapi?" Rodah aliuliza.

"Hawa hapa, wawili," msimamizi akasema.

"Nauliza wale wa kabla ya hawa."

Msimamizi alimkaribisha kwenye keki.

Jioni hiyo, kabla hata hajavua viatu, simu ililia. Alikuwa Nelvine, kitinda mimba wake, anapiga kutoka Kericho.

"Mama, umeona grupu ya wakulima?"

"Grupu imefanyaje?"

"Uko na kofia ya kampuni, umeshika mashine, unacheka meno yote. Na Kipsang ameandika hapo chini, 'Mwenyekiti wetu ameona, ameridhika.' Mama, watu wanakutukana huku! Wengine wanakupongeza, na hao ndio wabaya zaidi."

"Mimi sijaridhika na kitu."

"Basi ulikuwa unacheka nini?"

Rodah alikuwa ameambiwa atabasamu. Alikaa kitandani, akaitazama ile kofia mezani, na hasira ikampanda kutoka miguuni. Ndivyo wenye nguvu wanavyofanya siku hizi. Zamani walikuja na viboko. Sasa wanakualika, wanakufungulia mlango wa gari, wanakuita mama, na ukishakuwa na kijiko mdomoni wanakupiga picha.

Asubuhi hakukaa kiti cha nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda.

"Nani anatumiwa picha zangu?"

Saravanan alishika usukani na hakuwasha gari. "Kampuni iliyolipa safari. Waliomba kila siku, na uwe unatabasamu."

"Na waliomba nini kingine?"

"Nisikupeleke kwenye nyumba za wafanyakazi." Alikohoa. "Mimi ni dereva, mama. Sikuuliza."

"Wewe ni karani wao."

Neno hilo lilimwingia. Rodah aliona shingo yake ikikakamaa. Kisha Saravanan akasema, "Leo ratiba ni shamba la stroberi na nyumba ya vipepeo. Unataka vipepeo?"

"Vipepeo niko navyo kwetu."

Saravanan aliwasha gari na kushuka mlima, njia iliyojipinda hadi masikio yakaziba, mpaka mji mdogo bondeni ambako mama yake aliishi. Nyumba ilijaa watu. Binti wa dada yake alikuwa akiposwa siku hiyo, na ndugu wa kijana walikuwa wamefika wakibeba sahani na makapu: nazi, matunda, maua, vitambaa, peremende. Rodah alikalishwa mbele kama mgeni wa heshima, akapewa chai yenye maziwa. Aliionja kwa uangalifu, akaipa moyoni alama ya wastani.

Ndipo wakaleta kapu mbele yake. Lilijaa majani mabichi ya tambuu, yamepangwa duara, kijani kinachong'aa. Alitakiwa aliguse tu, awabariki wachumba. Lakini mtu anaweza kusafiri nusu ya dunia na mkono wake usijue kwamba umesafiri. Rodah aliona kapu, aliona majani, akakunja sweta hadi begani, akauzamisha mkono hadi chini, akatoa ngumi na kuifungua mbele ya watu wote.

Duara zuri lilikuwa limevurugika. Mama wa kijana aliziba mdomo.

Majani ya chini yalikuwa mazima, laini, sawasawa na ya juu.

Rodah aliona aibu hadi masikio yakawaka. Angetamani sakafu ipasuke. Lakini katika kona, mama yake Saravanan, bibi mnene mwenye mvi, alianza kutikisika. Alicheka mpaka machozi, akasema kitu kwa Kitamil, na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Amesema nini?" Rodah aliuliza.

Saravanan naye alikuwa anafuta macho. "Amesema, huyu ni mkaguzi wa chai. Anasema mama yake alipigwa na mtu mwenye mkono kama huo."

Bibi alikuja akaketi karibu naye, akaugeuza mkono wa Rodah juu chini kama anayenunua kiazi. Akasimulia, mwanawe akitafsiri. Mama yake alichuna chai milimani, naye akachuna, mpaka mashine zilipokuja na wakaambiwa watoke katika nyumba za shamba. Walilala kwa ndugu, watu kumi chumba kimoja. Mume wake alianza kunywa na hakuacha. Hapo Rodah alishusha pumzi. Hiki ndicho alichokuja kutafuta, chini ya kapu lao, na sasa ameshika.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. "Na kama tungebaki kule juu," alisema, "huyu wangu angekuwa bado na kapu mgongoni. Tuliposhuka ndipo akakaa shuleni. Leo ana gari. Mashine niliilaani, na sijui kama nilikosea au nilipatia. Wewe utasemaje kwenu?"

Rodah alimfikiria Valary aliyesomeshwa kwa vidole vya mama yake. Mashine ingekuja kabla ya Valary, angesoma kwa pesa gani? Na mashine isipokuja, Yunia atazeeka na fimbo ile ile mkononi? Akiwaambia nyumbani jambo la kwanza tu, atakuwa amepanga majani. Akiwaambia la pili tu, vivyo hivyo, na watasema amelishwa.

Usiku wa kufungasha, aliitia ile kofia chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu, akapanga nguo nzuri juu. Alipomaliza kuvuta zipu ndipo alipotambua alichofanya. Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akaiacha pale pale.

Aliporudi, shamba lilimpa habari kabla ya watu. Michai ilikuwa imerefuka. Majani yamepita kiwango, hayajaguswa tangu aondoke. Yunia hakuja. Majirani walimsalimia kwa adabu nyingi, ile adabu inayotolewa kwa mtu ambaye mtaanza kumsema akipita. Kituoni kulikuwa na kikao asubuhi iliyofuata. Hakwenda na kapu. Alikodi bodaboda, akafunga lile sanduku nyuma kama lilivyotoka safarini, halijafunguliwa.

Wakulima walijaa uani. Wachunaji walisimama nje ya ua, maana hawana hisa na hawaitwi, Yunia akiwa kati yao. Kipsang alikuwa mezani tayari, viatu vinang'aa.

"Karibu, mama! Tuambie uliyoyaona."

Rodah aliliinua sanduku, akaliweka juu ya meza ya majani. Kisha akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani.

"Mimi nimekula wali wa hawa watu wiki nzima," alisema. "Nimelala kwa kitanda chao. Hilo ndilo kapu langu. Hapa hakuna mtu anakagua kapu lake. Mama Valary, ingia ndani ukague."

"Huyo si mwanachama," Kipsang alisema haraka. "Na hii ni nini? Tuko kwa kikao ama tuko mitumba?"

"Nyamaza, kijana, tunakagua," Dorcus alisema, naye alikuwa mmoja wa wale watatu waliotaka mashine.

Yunia aliingia polepole. Alimtazama Rodah usoni muda mrefu, hakutabasamu. Akafungua zipu. Nguo za juu hakuzigusa. Alikunja mkono wa blauzi, akauzamisha chini kabisa, akapapasa, akatoa ngumi. Kofia ya kijani ikafunguka mbele ya watu wote.

Mluzi ulipigwa. Mtu akasema, "Si tulisema!"

"Hii umeificha," Yunia alisema.

"Nimeificha. Kama vile nyinyi wote mnaficha jani gumu. Niliivaa, nikashika mashine, nikacheka. Picha ni ya kweli. Maneno yaliyo chini yake ni ya Kipsang."

"Kwa hivyo unapiga kura gani?" Kipsang aliuliza, sauti imepanda.

"Hakuna. Mimi niko ndani ya kapu, sitapima."

Kelele zilianza. Bila yeye kamati ilikuwa tatu kwa tatu, na kila mtu alijua sheria: ikishindikana kwenye kamati, inaenda kwa mkutano wa wote. Rodah alingoja watulie. Akawaeleza kuhusu bibi wa kule bondeni, yote mawili, chumba cha watu kumi na mtoto aliyekaa shuleni, bila kupunguza. Kisha akasema siku ya mkutano wa wote wachunaji waingie ndani ya ua na waseme.

"Wachunaji hawana hisa," mzee mmoja alipinga.

"Wako na mikono. Hisa zako zinafika hapa mezani kwa mikono ya nani?"

Walibishana mpaka lori la kiwanda likafika kuchukua majani na karani akaanza kulalamika. Dorcus aliinua mkono kwanza. Kisha wengine, si wote, lakini walitosha. Tarehe ikawekwa, wachunaji wataingia. Kipsang aliichukua kofia yake, akaikung'uta, akaondoka akiongea kwa simu. Wako wakulima waliotoka pale wakiamini Rodah amelipwa na upande wa pili. Hilo halijaisha hadi leo.

Kesho yake asubuhi, ukungu haujapanda, Rodah alisikia fimbo ikilazwa juu ya michai. Alitoka na chai katika kikombe cha bati. Yunia alikuwa mstari wa kwanza, akivunja yale majani marefu na kuyatupa chini kwa hasira.

"Umeharibu michai," Yunia alisema bila kugeuka. "Wiki moja tu."

"Ni wewe hukuja."

"Ningekujaje? Nilijua nitakukuta na kofia."

Rodah alimpa chai. Yunia aliipokea, akanusa, akakizungusha kikombe kutazama kilicho chini, ndipo akanywa.

"Siku ya mkutano nitasema," alisema. "Na kama kuna kitu umeacha kutuambia, hiyo pia nitaitoa."

"Chimba," Rodah alisema, akavaa kapu lake, akaanza mstari wa pili.